Dagaa ana majina mengi, sufuria ni moja

Anayetaka kujua kama Jumuiya ya Afrika Mashariki ipo kweli huambiwa aende Arusha, yaliko makao makuu yake, akasome mikataba. Atausoma Umoja wa Forodha ulioanza mwaka 2005, atausoma Soko la Pamoja la mwaka 2010, kisha ataonyeshwa mingine inayosubiri saini. Mimi ningemwelekeza kwingine. Ningemwambia apite saa kumi na mbili jioni katika mtaa wowote wa watu wa kawaida, uwe wa Mwanza, Kisumu, Kampala, Kigali, Bujumbura au Bukavu, afuate pua yake. Nyuma ya ukuta fulani kitunguu kinakaangwa, nyanya inasubiri zamu yake, na kwenye bakuli kuna samaki wadogo wanaong'aa kama fedha. Hapo Jumuiya inakutana kila siku, bila ajenda na bila posho.

Samaki huyo Mtanzania anamwita dagaa. Vuka mpaka wa Sirari uingie Kenya, jina limeshageuka kuwa omena. Ukifika Kampala, mama wa sokoni atakuuliza unataka mukene wa kiasi gani. Kigali ni indagara, Bujumbura ni ndagala. Goma na Bukavu wanakula sambaza, na jirani zao wa ng'ambo ya maji, Rubavu na Rusizi, wanakula isambaza. Ukishuka hadi ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, Mzambia atakukaribisha kapenta. Hata vipimo vyake vinabadilika njiani: huku gorogoro, kule sado, kwingine kikombe au fungu lililopangwa juu ya gazeti. Kisichobadilika ni sufuria, na mkono wa mama unaoongeza kidogo juu ya kipimo ili urudi kesho.

Wataalamu wa samaki watanikosoa hapa, na wana haki. Hao si samaki wa aina moja. Dagaa, omena na mukene wa Ziwa Victoria ni ndugu wa tumbo moja. Dagaa wa Kigoma na ndagala wa Bujumbura ni ukoo mwingine, wenye jamaa zao baharini. Sambaza wa Ziwa Kivu naye ana hadithi yake: si mwenyeji wa ziwa hilo. Alichukuliwa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, akaona maji yanamfaa, akazaa, akajaza ziwa. Miaka michache baadaye, mwaka 1967 na 1968, jamaa zake walipelekwa Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, na huko pia wakatulia. Huyu ni mhamiaji ambaye hakuna aliyemwomba kibali cha ukaazi, na leo watu wa Rubavu na Goma hawawezi kuifikiria meza ya mchana wa Jumapili bila yeye, amekaangwa mkavu, kapigwa ndimu, pilipili pembeni.

Bahari nayo haikubaki nyuma. Dagaa wa Unguja huchemshwa kwa maji ya chumvi ufukweni, huanikwa na kina mama, hufungwa kwenye viroba, na wengi wao huishia Kongo. Yaani mtoto wa Lubumbashi, aliye mbali na Bahari ya Hindi kwa siku kadhaa za lori, anaweza kulala ameshiba samaki wa Zanzibar. Sisi waandishi wa habari za ukanda tunapenda kuandika kwamba biashara kati ya nchi zetu bado ni ndogo. Ni kweli. Lakini mara nyingi tunatazama saruji na mafuta ya petroli, tunamsahau huyu anayesafiri juu ya paa la basi.

Kwa nini tunamsahau? Kwa sababu tunamdharau. Lugha yetu wenyewe inatushitaki. Vita dhidi ya rushwa vikianza, wananchi hulalamika kwamba wanakamatwa dagaa huku papa wakiogelea. Mtu mambo yakimharibikia, tunasema kidagaa kimemwozea. Mwanafunzi wa chuo akiulizwa amekula nini, akajibu dagaa, ujue fedha ya kujikimu imechelewa. Mgeni wa heshima akibisha hodi, kuku anafukuzwa uani, na sufuria ya dagaa inasogezwa nyuma ya mlango kama mtoto aliyekosa adabu. Hakuna aliyewahi kukaa kwenye harusi, Tanzania wala Rwanda, akasikia msema chochote akitangaza kwa bashasha kwamba leo kuna dagaa.

Kwa kazi hii nimekaa kwenye mikutano mingi ya kikanda, na nimekula chakula cha mchana cha mikutano hiyo. Meza hupangwa kuku wa kuchoma, nyama ya mchuzi, minofu ya samaki isiyo na mwiba hata mmoja, wali wa rangi mbili na viazi. Wajumbe hujadili asubuhi nzima usalama wa chakula na lishe ya watoto, kisha hupanga foleni ya minofu. Sijawahi kumwona dagaa kwenye meza hizo. Jioni, ukiwafuata wajumbe wale wale kwenye kibanda nje ya hoteli, utawakuta wamekunja mikono ya mashati, wanaagiza ugali na yule waliyemkosa mchana, na mazungumzo yao ni matamu kuliko ya ukumbini.

Sasa tumtazame huyu tunayemficha, tukianza na afya, kwa kuwa siku hizi kila mtu ana ushauri wa afya na dawa ya unga ya kukuuzia. Dagaa mkavu, kwa uzito, karibu nusu yake au zaidi ni protini. Ana madini ya chuma na zinki, ana vitamini B12 ambayo mboga za majani hazina. Sifa yake kubwa zaidi ni kwamba analiwa mzima. Samaki mkubwa tunamla nyama, mifupa tunampa paka. Dagaa tunamtafuna pamoja na mifupa yake, na mifupa ndiyo ghala la kalsiamu. Kwa hiyo sahani ya dagaa ni ya nyama na ya maziwa kwa wakati mmoja, kwa bei ambayo nyama na maziwa havijawahi kukubali.

Hili si jambo la kuchekesha tu, maana nchi zetu zina watoto wasiokua inavyotakiwa. Takwimu za tafiti za kitaifa za afya zinaeleza wazi. Burundi, utafiti wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Rwanda, mwaka 2019 na 2020, walikuwa asilimia 33. Tanzania, mwaka 2022, asilimia 30. Kenya, mwaka huo huo, asilimia 18. Udumavu una sababu nyingi: maji machafu, maradhi, umaskini, mama asiyepumzika. Dagaa peke yake hataumaliza. Lakini inauma kidogo ukikumbuka kwamba nchi hizi zote nne zina maziwa makubwa ndani yake au jirani yake, na kwamba ndani ya maziwa hayo kuna chakula ambacho mtoto anakihitaji, tena kinachokauka kwa jua la bure na kukaa wiki nyingi bila jokofu.

Anakwenda wapi, basi? Hapa ndipo penye kichekesho chenye machungu. Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria huishia kwenye viwanda vya chakula cha mifugo. Anasagwa, anachanganywa na pumba, anapewa kuku. Kuku anataga. Sisi tunanunua yai kwa fahari, tunampa mtoto, tunasema leo amekula vizuri. Tumemzungusha dagaa mtaa mzima ili arudi nyumbani akiwa amevaa ganda. Simlaumu mfugaji, naye anatafuta riziki, na yai ni chakula kizuri. Ninachosema ni kwamba mnunuzi wa kiwanda akishindana na mama wa familia kwenye mwalo mmoja, mama ndiye anayeondoka na kikapu kitupu. Na kuku, kwa kumbukumbu zangu, hajawahi kuhesabiwa kwenye takwimu za udumavu.

Yapo pia mambo ya mpakani. Jumuiya ilibuni utaratibu mzuri kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya nchi wanachama na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha uasili bila kutozwa ushuru wa forodha. Ni utaratibu uliotungwa kana kwamba mtungaji alikuwa na kiroba cha dagaa mbele yake. Wanaouhitaji zaidi ni wanawake, wale wanaovuka kwa miguu alfajiri, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Wapo wanaoujua na kuutumia. Wapo pia ambao hawajausikia, na hao ndio huchukua njia ya panya, au huacha vikombe viwili vitatu vya dagaa kwenye meza ya mtu ambaye hakuandika stakabadhi. Dagaa akifika sokoni bei imepanda, na mnunuzi anadhani ni ziwa limekasirika.

Wakati mwingine mpaka wenyewe hufungwa. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda kwa sababu za kiusalama na kisiasa ambazo gazeti hili limeziandika kwa kirefu kwenye kurasa nyingine. Ukurasa huu ni wa sufuria, kwa hiyo niseme la sufuria. Bujumbura na Kigali zinatenganishwa na saa chache za barabara. Ndagala wa Ziwa Tanganyika na mlaji wa Kigali anayempenda kwa isombe walikuwa wakikutana bila shida. Serikali zikinuniana, wao wawili ndio huwa wa kwanza kuadhibiwa, na hakuna aliyewauliza. Viongozi wana simu za kuitana. Ndagala hana namba ya mtu.

Yeye mwenyewe, huko majini, hajui lolote kuhusu ugomvi huo. Ziwa Victoria tumeligawa kwenye ramani: takribani asilimia 51 Tanzania, 43 Uganda, 6 Kenya. Dagaa hakupewa nakala ya ramani. Usiku usio na mbalamwezi anafuata mwanga wa taa, iwe karabai ya zamani au taa ya sola ya siku hizi, na mwanga ukiwa upande wa pili wa mstari, anakwenda upande wa pili. Vivyo hivyo Kivu, ambako wavuvi huunganisha mitumbwi mitatu kwa milingoti mirefu, wakatoka jioni wakiimba ili makasia yaende pamoja. Samaki wanaowasubiri wanaweza kuwa walilala Kongo na kuamkia Rwanda.

Ndiyo maana kumlinda dagaa ni kazi ya majirani wote. Kenya huzuia uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili wazaliane. Mwaka 2024 Tanzania ilipumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ziwa hilo lina mkataba wake, uliosainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia, na mamlaka yake iko Bujumbura. Ziwa Victoria nalo lina shirika la uvuvi lililoundwa mwaka 1994, makao yake Jinja. Vyombo vipo. Tatizo linajulikana kwa kila mvuvi: nchi moja ikifunga na jirani asifunge, anayetii anakaa pwani na njaa yake akitazama taa za wenzake zikiwaka ng'ambo. Utii wa namna hiyo hauna umri mrefu.

Na maji yenyewe yanabadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba joto linaloongezeka linapunguza mchanganyiko wa maji ya juu na ya chini katika Ziwa Tanganyika, hivyo rutuba iliyoko vilindini haipandi juu kama zamani, na samaki wanapungukiwa chakula. Nyavu zenye matundu madogo kupindukia zinamaliza wale waliobaki kabla hawajazaa. Dagaa ana bahati ya kukua haraka na kuzaa mapema, maisha yake ni ya mwaka mmoja hivi. Ukimpa nafasi kidogo tu, anarudi. Nafasi hiyo inabidi itolewe na nchi zote kwa tarehe moja.

Hapo ufukweni kuna jambo jingine dogo lenye thamani kubwa: mchanga. Dagaa wengi bado huanikwa chini. Mvua ikinyesha wanaoza, jua likiwaka wanakauka pamoja na mchanga, na mlaji anausikia kwenye meno. Nadhani nusu ya dharau tunayompa dagaa ni dharau ya mchanga ule. Kichanja cha miti na wavu kinatosha kumwinua kutoka chini: anakauka haraka, ni safi, anadumu, na mnunuzi hakunji uso. Halmashauri za mwambao wa maziwa zinazotafuta mradi wa kuzindua kwa utepe zinaweza kuanza na vichanja. Havigharimu kama jengo, na vinaonekana kwenye picha vizuri tu.

Kwa msomaji ambaye amesoma hadi hapa na njaa imeanza, nimalizie deni. Wachague wakavu wanaong'aa, wasio na harufu ya uvundo. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili tatu, kwa haraka, wasilowe sana. Wakaange kwanza kwenye sufuria kavu bila mafuta mpaka waanze kulia kama majani makavu. Hapo ile harufu nzito inaondoka. Ndipo uweke mafuta, kitunguu, tangawizi ukipenda, nyanya, chumvi kwa kuonja. Ndimu mwishoni. Wa Kigoma wataweka mawese, na hawatakosea. Waganda watawaponda ndani ya mchuzi wa karanga, na watakaobisha ni wale ambao hawajaonja. Ukiona lazima utoe vichwa, toa, ila ujue sehemu ya madini inakwenda navyo. Kwa mtoto mdogo, saga wale wasiotiwa chumvi, weka kijiko kwenye mboga yake. Na kwa wenye shinikizo la damu, hao wa chumvi waloweke kwanza au waacheni.

Kisha kaa chini. Ugali uwe wa moto, wa mahindi au wa muhogo, kila mtu na kwao. Zima simu. Tonge la kwanza lisindikize na pilipili. Raha ya namna hii haitozwi kodi na mpaka sasa hakuna kamati iliyoundwa kuichunguza, kwa hiyo ifaidi mapema.

Nina ombi moja kwa wanaoandaa mkutano ujao wa mawaziri wa Jumuiya, popote utakapofanyika. Kwenye meza ya chakula cha mchana, kati ya kuku na minofu, wekeni bakuli moja la dagaa waliopikwa vizuri. Wekeni na kibao chenye majina yake yote. Waheshimiwa watacheka, watabishana ni nani anayempika vizuri zaidi, watapakuana. Wakishashiba, wapewe karatasi mbili: moja ya tarehe za pamoja za kupumzisha maziwa, nyingine ya kumwachia mama apite mpakani na kiroba chake. Mtu aliyeshiba dagaa huwa si mgumu kusaini.